Pikipiki, guta, kirikuu, Hiace au tela: chombo kipi kimfae fundi AC wa Dar es Salaam?

Novemba ikiingia na jua la Dar es Salaam likianza kuchoma, simu za mafundi AC huita mfululizo, na swali la usafiri linarudi palepale. Anayepanda daladala na begi la vifaa anapiga hesabu ya pikipiki. Mwenye pikipiki amechoka kukodi kirikuu, lile gari dogo la mizigo, kila mteja anaponunua AC mpya. Mwenye kirikuu amepata kazi ya jengo zima Kigamboni, sasa anaulizia bei ya kuchomelewa tela. Ulinganisho huu ni wa hao wote. Hakuna chombo kimoja kinachomfaa kila fundi, lakini ukijua kazi zinazokuingizia hela kwa wiki ya kawaida, chombo chako kinajulikana.

Wengi huanza kwa kuuliza chombo kinabeba kilo ngapi. Kwa kazi yetu swali hilo lina jibu jepesi. AC ya nyumbani ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ina mashine ya nje ya kilo 30 hivi na ya ndani ya kilo 10 hivi. Ukipakia seti sita hujafika kilo 300. Mali ya fundi AC haiharibiki njiani kwa sababu ya uzito. Inaharibika kwa jinsi ilivyokaa, na vigezo vyangu vinaanzia hapo.

## Mambo matano ya kupimia

Mzigo unakaaje. Ndani ya mashine ya nje kuna kompresa, na chini ya kompresa kuna oili. Ukiilaza mashine, oili inahama inaingia kwenye bomba na vali. Ukifika kwa mteja ukaiwasha harakaharaka, kompresa inalazimika kusukuma kimiminika wakati imetengenezwa kusukuma gesi, na inaweza kufa siku hiyohiyo. Tena kompresa imekaa juu ya raba. Ikilazwa na kurushwa na matuta, bomba zake nyembamba zinapata nyufa usizoziona, mpaka mteja apige simu baada ya miezi kadhaa kwamba AC haipoozi. Mashine ikilala kwa bahati mbaya, isimamishe saa nyingi kabla ya kuiwasha, ikibidi hadi kesho yake.

Pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa kwenye bomba kabla ya kuweka gesi, nayo ina oili. Ilaze, utaikuta imejimwaga kupitia tundu la kutolea hewa na kuchafua begi zima. Halafu kuna kopa, yaani bomba la shaba la kupitisha gesi. Koili ya mita 15 ikibonyea mahali pamoja tu, kipande hicho unakikata, unaunga kwa kuchomelea, na kila kiungo ni sehemu mpya inayoweza kuvuja.

Gesi na joto. Mitungi mingi ya gesi ya AC imeandikwa onyo isipate joto la kuzidi nyuzi 52. Onyo hilo lina maana: gesi iitwayo R410A ikifika nyuzi 50, presha ndani ya mtungi ni takriban bar 30, wakati R22, gesi ya zamani, kwenye joto hilohilo iko karibu na bar 19. Mazoea ya enzi za R22 hayatoshi tena. R22 inaondolewa kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa 1987, na marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanapunguza hata gesi kama R410A. Ndiyo maana AC nyingi mpya zinakuja na R32, ambayo inaweza kushika moto, japo si kwa wepesi. R290 yenyewe ni propani, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia, na huwaka vizuri sana. Gesi zote hizi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo zikivuja hutuama chini, sakafuni mwa chombo chako.

Kufuli. Kopa ina mnunuzi kila kona yenye mizani ya chuma chakavu. Geji za kupimia presha, pampu na drili kwa pamoja ni mtaji ambao kijana ameudunduliza kwa muda mrefu. Chombo kisichofungika kinakulazimisha kumwacha mtu chini kila unapopanda ghorofani, na mtu huyo analipwa.

Njia. Wiki moja inaweza kukupeleka Masaki kwenye lami pana, Tandale kwenye vichochoro, Goba kwenye vilima vya udongo na Posta ambako kupata pa kuegesha ni kazi. Masika ikija, barabara za ndani zinageuka tope.

Pesa ya kila siku. Bei ya kununua inaumiza mara moja. Mafuta, gereji, bima, maegesho na siku ambazo chombo kimelala bila kazi vinauma kila mwezi.

## Pikipiki yenye sanduku

Mzigo unakaaje. Sanduku zuri la nyuma linabeba geji, funguo, drili, mashine ndogo ya presha ya kuoshea na, ukilipima vizuri kabla ya kuchomelea, pampu ikiwa imesimama. Mashine ya nje haina nafasi hapa. Tunaziona barabarani zimelazwa nyuma ya bodaboda, kijana amezikumbatia kwa mikono miwili. Napinga utaratibu huo waziwazi: kijana anaweza kuanguka na kufa, na kompresa inafika na oili imesambaa.

Gesi na joto. Chukua mtungi mdogo wa kutosha kazi ya siku. Sanduku lipakwe rangi nyeupe na litobolewe matundu chini.

Kufuli. Sanduku linafungika, lakini mwizi wa pikipiki anaondoka na vyote. Vitu vya thamani panda navyo.

Njia. Hapa hakuna anayeikuta. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, wewe umeshapita. Ila utaratibu wa bodaboda kuingia katikati ya jiji umewahi kubanwa, hivyo mwenye wateja wengi Posta na Kivukoni asitegemee pikipiki peke yake.

Pesa. Ya 125 au 150 cc inaenda zaidi ya kilomita 40 kwa lita, na spea zake ziko kila mtaa.

Inamfaa fundi wa servisi na matengenezo: kuosha, kuongeza gesi, kubadilisha kapasita, kutafuta hitilafu ya umeme. Akiuza AC mpya, duka lipeleke mzigo, au akodi kirikuu kwa safari hiyo moja na kumtoza mteja wazi kwenye ankara.

## Guta la injini

Wengine huliita toyo. Ni ile pikipiki ya miguu mitatu yenye bodi nyuma.

Mzigo unakaaje. Bodi yake inapokea mashine za nje tatu au nne zikiwa zimesimama, na ngazi inalala juu ya ukingo. Hapo limeshinda pikipiki mbali. Tatizo ni mtikisiko. Springi za guta zimewekwa kwa ajili ya saruji na viroba, hivyo likiwa na mzigo mwepesi linaruka kwenye kila shimo. Ukitandika sakafuni kipande cha mkeka mnene wa raba, au matairi chakavu yaliyopasuliwa, na kufunga kila mashine kwa mikanda miwili, moja chini na moja juu ya nusu, mashine inatulia. Kamba moja iliyozungushwa juu ya lundo zima haitoshi. Pia lina tabia ya kunyanyua tairi la ndani kwenye kona likiwa limejazwa kwa kimo. Mizigo mirefu iende katikati, na dereva apunguze mwendo kabla ya kukata kona.

Gesi na joto. Upepo unapita, gesi ikivuja haijikusanyi. Jua lakini linapiga mtungi moja kwa moja. Turubai jeupe lililoinuliwa kwa fremu, lisigusane na mtungi, linasaidia sana.

Kufuli. Ni udhaifu wake mkubwa. Unaweza kuchomelea sanduku nyuma ya kiti cha dereva kwa ajili ya vifaa, ila AC zenyewe ziko wazi. Kwenye foleni mtu anaweza kushusha boksi dereva asijue.

Njia. Linapenya vichochoro vya Manzese na Tandale ambako gari linabaki barabarani. Vilima vya Goba na Salasala likiwa limejaa linapanda kwa tabu, na breki zake kushuka huko zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Barabara kuu za mwendo kasi si mahali pake. Bagamoyo mpaka Dar na mashine nne nyuma ni safari ndefu na ya hatari.

Pesa. Nafuu kununua, nafuu kwa mafuta. Klachi na mnyororo ndivyo vinavyokula hela, hasa kwa dereva anayependa kuzidisha.

Inamfaa mwenye duka dogo la AC anayepeleka mzigo ndani ya kata mbili tatu za jirani, au kikundi cha mafundi wenye karakana moja kwenye mtaa wenye njia finyu.

## Kirikuu

Ndiyo inayotumika zaidi, na sababu zipo. Suzuki Carry ya kisasa ilitengenezwa kwa sheria ya Japani ya magari madogo: injini ya 660 cc, urefu wa mita 3.4, upana usiozidi mita 1.48, na uwezo rasmi wa kubeba kilo 350.

Mzigo unakaaje. Bodi yake ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4. Mashine za nje za BTU 12,000 zikiwa ndani ya maboksi yake, sita zinasimama wima kwa safu mbili za tatutatu bila kubanana, na mashine za ndani zinalala juu yake. Mbavu za bodi zinafunguka pande tatu, na kimo chake hakizidi sana magoti. Ukiwa unashusha mashine ya BTU 24,000 yenye kilo 50 na kitu, kimo hicho ni baraka kwa mgongo wako na wa kijana wako.

Panapoumiza ni kopa. Koili zikitupwa bodini pamoja na ngazi, ngazi inacheza, inagonga, na ukifungua boksi unakuta bomba limebonyea kama mtu amelibana kwa koleo. Dawa yake ni rahisi: chomelea bomba la wima nyuma ya kibini, lenye unene wa mkono, koili zivishwe hapo kama bangili, na kifuniko cha kuzuia zisiruke. Mtungi wa naitrojeni nao usimame hapohapo nyuma ya kibini, umefungwa mnyororo juu na chini na kofia yake ya chuma imekazwa. Mtungi huo ukiwa umejaa una presha ya bar 150 au zaidi. Ukianguka na vali ikavunjika, unaruka kwa nguvu ya kutoboa ukuta. Ukiwa na mtungi wa asetilini wa kuchomelea, huo haulazwi kabisa.

Gesi na joto. Bodi wazi ina faida na hasara zilezile za guta. Ukivisha turubai la fremu, acha pande za chini zipumue.

Kufuli. Unachagua mwenyewe. Wapo wanaoweka sanduku la chuma lenye kufuli upande mmoja wa bodi kwa vifaa na kuacha nafasi iliyobaki kwa AC. Wapo wanaochomelea boksi zima la bati. Boksi zima linalinda vizuri, ila linaongeza uzito juu ya gari jembamba, na kila kilo ya bati imetoka kwenye zile 350. Ningeanza na sanduku la upande mmoja.

Njia. Inaingia karibu kila mahali. Zile za kuvuta magurudumu yote manne zinafaa kwa wanaofanya kazi Goba, Kinyerezi au Mbezi kwa Msuguri wakati wa masika. Kwenye barabara ya Morogoro kuelekea Dodoma inafika, ila injini inalia njia nzima na wewe unachoka.

Pesa. Kilomita kumi na kitu kwa lita, spea tele, fundi wake yupo kila gereji. Unapoinunua, chungulia chini ya bodi na kwenye maungio ya kibini: chumvi ya pwani inakula bati jembamba kwa kasi. Ukiagiza kutoka Japani, ulizia kwanza ushuru wa uchakavu kulingana na mwaka wa gari, maana bei ya mtandaoni na bei ya kutoka bandarini ni vitu viwili.

Jambo moja linasahauliwa: viti ni viwili tu. Ukiwa na vijana wawili wa kazi, mmoja anapanda nyuma na mzigo, na huo ni mwanzo wa ajali na wa kusimamishwa barabarani. Hesabu nauli yake.

Inamfaa fundi anayefunga AC mpya mbili mpaka sita kwa wiki na kufanya servisi katikati, akiwa na msaidizi mmoja.

## Hiace ya mizigo na ndugu zake

Naziweka pamoja Hiace na TownAce, kwa kuwa zote ni chumba kilichofungwa. TownAce yenye injini ya 1.5 inabeba takriban kilo 750. Hiace ndefu inavuka tani moja, na sakafu yake ikiwa haina viti vya nyuma inakaribia mita 3.

Mzigo unakaaje. Vizuri kuliko vyote hapa, kwa sharti moja: uweke rafu. Hiace tupu isiyo na rafu inageuka stoo ya fujo. Ukipanga rafu ya chuma chepesi upande wa kushoto kwa viungo, nati, sponji za kuvika bomba na kapasita, na upande wa kulia ukaweka pete za kufungia mikanda kwa ajili ya mashine za nje, kila kitu kina mahali pake na kazi inaanza dakika chache baada ya kufika. Kwa kampuni yenye mikataba ya servisi ya benki na ofisi, mpangilio huo ndio unaookoa safari za kurudi dukani kufuata nati moja.

Gesi na joto. Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Chumba cha bati kilichofungwa, kimeegeshwa juani Upanga saa saba mchana wa Februari, ndani kinaweza kuvuka nyuzi 50. Mitungi yako iko humo. Ikiwa mmoja ni wa R32 na vali yake inapitisha kidogokidogo, gesi inatuama sakafuni, na swichi ya taa au cheche ya betri inaweza kuanzisha balaa. Mambo matatu hayana mjadala: matundu ya hewa karibu na sakafu na juu, mitungi isimame kwenye kizimba chake karibu na mlango, na ukifika kazini fungua milango kwanza kabla ya kuwasha kitu chochote humo. Mitungi inayobaki jioni ishushwe, isilale garini. Na kama ukuta kati ya dereva na mzigo haupo, weka. Pumzi ya dereva isichangie hewa moja na mitungi.

Kufuli. Bora kuliko chombo chochote kilichotajwa. Funga vioo vya nyuma kwa bati au karatasi nyeusi, kwa sababu boksi la AC linaloonekana dirishani linamwita mvunja kioo.

Njia. Lami haina shida. Sinza na Kijitonyama unahangaika kugeuza. Kichochoro cha Tandale unaegesha mbali na kubeba begani.

Pesa. Ya petroli ikiwa na mzigo kwenye foleni za mjini inakaa kwenye kilomita saba au nane kwa lita. Bei ya kununua ni mara kadhaa ya kirikuu, na bima nayo inapanda na thamani ya gari. Siku ikilala, hasara yake inaonekana. Kwa upande mwingine, ubavu wake mpana ni bango lenye jina na namba ya simu, na mteja wa ofisini huiamini kazi inayofika ndani ya gari safi.

Inamfaa mwenye timu ya watu watatu, mikataba ya kila robo mwaka, na wateja ambao majengo yao yana maegesho.

## Tela nyuma ya gari ulilonalo

Tela ni gari la pili lisilo na injini. Mwenye Hilux, Prado au gari lingine lenye nguvu tayari ana nusu ya chombo, na hilo linavutia. Lakini lisomwe kwa makini, kwa sababu ndilo lenye tofauti kubwa kati ya linapofaa na lisipofaa.

Mzigo unakaaje. Tela la boksi la mita tatu linameza mitaro ya hewa ya bati, mashine za dari, mitungi ya naitrojeni, kila kitu cha kazi ya jengo. Mizania ndiyo kila kitu. Uzito mwingi zaidi uwe mbele kidogo ya ekseli, kiasi kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote inakaa kwenye kichwa cha kuungia. Tela la kilo 800 lilegemee gari kwa kilo 80 hivi. Weka mizani ya kawaida chini ya mguu wa mbele upime. Ukiweka mashine nzito nyuma kabisa kwa sababu zitashushwa kwanza, tela linaanza kuyumba kushoto na kulia ukifika mwendo wa barabara kuu, na likishaanza, kulirudisha ni vigumu. Usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta, shika usukani imara, acha mwendo upungue wenyewe.

Gesi na joto. Ni kama Hiace, na faida moja kubwa: mitungi iko mbali na watu. Matundu ya hewa ni lazima vilevile.

Kufuli. Tela linaweza kuibwa zima. Kufuli ya kichwa cha kuungia na mnyororo kwenye gurudumu ni sehemu ya bei yake, si nyongeza. Ila ukiwa na geti na mlinzi kwenye eneo la ujenzi, unaliacha hapo mwezi mzima kama stoo, na asubuhi unakuja na gari jepesi. Hakuna chombo kingine kinachokupa hilo.

Njia. Kurudi nyuma na tela kunahitaji mazoezi ya kweli uwanjani. Matuta unayapita mara mbili. Mjini kati sahau. Lisajiliwe kwa namba yake, liwe na taa zote zinazofanya kazi, na dereva ahakikishe daraja la leseni yake linamruhusu kuvuta. Kirikuu isivute tela. Injini na breki zake hazikuumbwa kwa hilo.

Pesa. Halina oili wala klachi. Lina bearingi, ambazo zikikosa grisi zinakufa barabarani, na lina springi na matairi. Ukichomelewa na fundi wa hapa, mwambie atumie magurudumu yenye ukubwa sawa na ya gari lako, spea moja itumike kote. Breki za tela zenyewe usizikwepe kwa mzigo mzito: Ulaya, tela likizidi kilo 750 kwa uzito wote linatakiwa liwe na breki zake, na kipimo hicho kinafaa kukuongoza hata hapa.

Inamfaa mkandarasi wa majengo: hoteli, hospitali, ofisi za Mji wa Serikali Mtumba kule Dodoma, kazi ambazo unafika, unakaa wiki, unahama.

## Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Umetoka chuo cha ufundi cha VETA karibuni, una vifaa na simu, wateja ni wa servisi: pikipiki yenye sanduku zuri, na urafiki na dereva mmoja wa kirikuu anayejua kusimamisha mashine wima. Mwelekeze mara ya kwanza, mlipe vizuri, atakuwa wako.

Una duka mtaani na wateja wako wako umbali wa kutembea au zaidi kidogo: guta, lenye raba sakafuni na mikanda ya kutosha. Ukiona unaanza kupata oda za Mbezi Beach na Bunju kila wiki, hapo ndipo pa kufikiria kirikuu.

Unafunga AC mpya kila wiki, nyumba za watu, na bado unafanya servisi mwenyewe: kirikuu inakutosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Kabla ya kuiuza ili uchukue Hiace, hesabu ni siku ngapi za mwezi uliopita bodi ilijaa kweli. Zikiwa chache, kodi kirikuu ya pili siku hizo.

Una mkataba wa benki au ofisi wenye muda wa kufika uliowekwa, na vijana wawili: TownAce kwanza, Hiace mkataba wa pili ukija. Rafu ziwekwe kabla gari halijaanza kazi, maana likishaanza hutapata siku ya kulisimamisha.

Kazi yako kubwa iko Kigamboni na unaishi ng'ambo: piga hesabu ya tozo ya Daraja la Nyerere au foleni ya pantoni kwa kila safari, kisha ilinganishe na tela moja linalobaki eneo la kazi likiwa limefungwa. Kwa kazi ya wiki mbili na kuendelea, tela mara nyingi linajilipa. Kwa kazi ya siku tatu, kodi kirikuu, pakia mara moja, maliza.

Na kama pesa iliyopo inatosha chombo tu, bila kubakiza ya mikanda, raba ya sakafuni, kizimba cha mitungi na kufuli, chagua chombo cha bei ya chini zaidi kwenye orodha hii ukinunue pamoja na hivyo vyote.